Gesi ya Taa Kambini Ipimwe kwa Gramu, Si kwa Mitungi

Wikendi ndefu inapokaribia, vijana wa makanisa, wanafunzi, maskauti na wapandaji miamba wa Nairobi huanza kupanga safari ya Lukenya, vile vilima vya mawe vinavyoonekana kando ya barabara kuu ya Mombasa ukishaipita Athi River. Orodha huandikwa kwa uangalifu. Maji huhesabiwa kwa lita, unga kwa kilo, mikate kwa idadi ya watu. Ikifika zamu ya taa, hesabu hukoma. Mmoja huuliza, "Tubebe mitungi mingapi?" na mwingine hujibu, "Miwili, itatosha," na mambo huishia hapo. Hakuna aliyeuliza mtungi una gesi kiasi gani, wala taa inakula kiasi gani kwa saa. Basi ama kundi hubaki gizani saa tatu usiku, nyimbo zikiwa ndiyo kwanza zimekolea, ama hurudi mjini na mitungi ya chuma iliyojaa karibu kama ilivyoondoka.

Maoni yangu ni kwamba swali la mitungi mingapi ndilo chanzo cha makosa yote mawili. Mtungi ni chombo tu, haukuambii umebeba nini. Gesi ya taa inafaa kuhesabiwa kwa gramu na mwangaza kwa saa, na kuzidisha kimoja kwa kingine ni kazi ambayo mwanafunzi wa Gredi ya Sita anaiweza bila kikokotoo. Tena nasema Lukenya ndipo pa kuanzia, kwa kuwa kosa la hesabu likifanyika pale halimgharimu mtu sana, ilhali kosa lilo hilo likifanyika kwenye mlima wa mbali linaweza kumtesa usiku kucha.

Tuanze na saa, maana wengi hudhani ndizo ngumu kukadiria, kumbe kwetu ni rahisi kuliko popote. Lukenya iko kama digrii moja na nusu kusini mwa ikweta. Mwaka mzima jua huzama pale kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo jioni, likiwahi zaidi karibu na Novemba na kuchelewa zaidi karibu na Februari. Giza nalo halina subira: kama dakika ishirini baada ya jua kutua, kukata kitunguu bila taa ni kujitafutia jeraha. Mambo si hivyo kwa watu wanaopiga kambi Juni na Julai huko Ulaya au Marekani Kaskazini, ambako jua la kiangazi laweza kubaki angani hadi saa tatu au nne usiku. Anayefuata makadirio yao, ya saa moja au mbili za taa kwa usiku, atajikuta na nusu ya anachohitaji. Usiku wetu ni wa saa kumi na mbili, Desemba kwa Juni. Kundi linalokula, kuimba na kuzungumza hadi saa nne na nusu usiku linahitaji saa nne za mwangaza, na wapishi wanaoamka saa kumi na moja alfajiri kuwasha chai wanahitaji saa nyingine moja. Saa nne kwa taa ya kawaida na tano kwa taa ya jikoni: namba hizi hazibadiliki kwa msimu, na hiyo ni faida ambayo Mzungu anayepiga kambi kwao hana.

Upande wa gramu ndio wenye mambo. Taa ya gesi ya kambini hutoa mwanga kwa kupasha moto utambi wa wavu uliolowekwa chumvi za madini. Ni uvumbuzi wa mkemia wa Austria, Carl Auer von Welsbach, aliyeuandikia hataza mwaka 1885 kisha akauboresha mwaka 1891 kwa mchanganyiko wa thoria na seria, na babu zetu waliufahamu kupitia karabai ya mafuta ya taa. Wavu huungua mara ya kwanza unapowashwa na kuacha jivu linaloshikamana, na jivu hilo ndilo linalong'aa likipata joto kali. Taa ya kawaida yenye utambi mmoja hula takriban gramu 30 hadi 50 za gesi kwa saa ikifunguliwa hadi mwisho. Yenye tambi mbili yaweza kufikia gramu 60 au 70. Kwa hesabu ya haraka, gramu 40 kwa saa ni kadirio zuri la taa ya utambi mmoja, ila aliye na taa yake mkononi anaweza kupata namba iliyo karibu zaidi na ukweli. Ikiwa kwenye kibandiko pameandikwa kilowati, kila kilowati moja ni kama gramu 75 kwa saa. Ikiwa pameandikwa BTU kwa saa, gawanya namba hiyo kwa 46 upate gramu. Taa iliyoandikwa BTU 1,800 basi inakula gramu 39 hivi.

Sasa tuweke hesabu hiyo Lukenya. Watu wawili wenye hema moja na kikopo cha gesi cha gramu 220, cha aina inayofungwa chini ya taa ndogo, wakitumia saa nne kwa usiku watachoma gramu 160 usiku wa kwanza. Watabakiwa na 60, yaani saa moja na nusu. Kikopo kimoja kinatosha kulala Jumamosi, hakitoshi Ijumaa na Jumamosi. Hilo halihitaji mjadala wala uzoefu wa miaka.

Kundi kubwa ndilo linalonishughulisha zaidi, maana ndilo linalopeleka Lukenya watoto wa shule. Tuseme ni watu 40, usiku mbili, taa tatu: moja jikoni, moja mahali pa kukutanikia, moja kwenye njia ya kwenda chooni. Taa ya jikoni itawaka saa tano kwa usiku, saa kumi kwa safari nzima, gramu 400. Zile nyingine mbili zitawaka saa nane kila moja, gramu 320 kila moja. Ongeza sehemu moja ya tano kwa ajili ya mambo nitakayoyataja, na taa ya jikoni itahitaji gramu 480, hizo nyingine 384 kila moja. Jumla ni kilo moja na robo. Mwalimu anayebeba mitungi miwili iliyojaa ya kilo 6 kwa ajili ya taa amebeba kilo 12 za gesi, karibu mara kumi ya mahitaji, na hajahesabu chuma chenyewe. Halafu kuna jambo ambalo hesabu hii inalifichua na kubahatisha hakulifichui kamwe: kila taa hufungwa juu ya mtungi wake, kwa hiyo kinachohitajika ni mitungi mitatu yenye gesi kidogo, wala si miwili iliyojaa. Mtungi wa kilo 6 uliobakisha kilo moja, ule ambao mama nyumbani amekwisha kuanza kuutilia shaka, unamulika mahali pa kukutanikia kwa usiku zote mbili na bado unarudi nyumbani na zaidi ya nusu kilo. Ule uliojaa na uende kwenye jiko, kupika ugali na githeri.

Yote hayo yanategemea kujua mtungi una gesi kiasi gani, na hapo ndipo mazoea yetu yanapokuwa dhaifu zaidi. Watu huutikisa mtungi wakasikiliza. Kutikisa kunakuambia kuna kitu ndani, hakukuambii ni kiasi gani. Wengine humwagia mtungi maji ya moto ubavuni kisha hupapasa kutafuta mahali palipobaki baridi, na njia hiyo huonyesha kina cha gesi kwa kukisia tu. Mtungi wenyewe umebeba jibu. Kwenye chuma cha mshikio, karibu na vali, pamechapwa uzani wake ukiwa mtupu. Ondoa kichomeo au regulata, weka mtungi kwenye mizani, toa namba iliyochapwa. Ikiwa pameandikwa kilo 7.2 na mizani inasoma 9.1, mna kilo 1.9 za gesi, ambazo kwa taa ya gramu 40 ni saa 47. Rangi ikiwa imefunika maandishi, ikwangue kwa ukucha au sarafu. Mtungi ambao maandishi yake hayasomeki kabisa ni wa kurudishwa dukani, kwa sababu ya hesabu na kwa sababu ya usalama pia.

Kuna kipimo kingine ambacho ningependa kila mwenye taa akifanye mara moja tu, nyumbani, kabla ya safari. Taa zilizotengenezwa kiwanda kimoja siku moja hutofautiana zikishatumika: tundu la kupulizia gesi huzibwa na vumbi, regulata huchoka, na mtu mwingine hupenda mwanga mkali kuliko mwenziwe. Chukua mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja, pima kikopo chako, washa taa uani kwa saa moja kamili katika mwanga unaoupenda, zima, iache ipoe, pima tena. Tofauti ndiyo namba ya taa yako. Iandike kwa kalamu ya wino usiofutika chini ya kitako cha taa. Kwa mtungi mkubwa njia hiyo inahitaji kurekebishwa, kwa kuwa mizani ya muuza nyama au ya muuza nafaka mara nyingi husoma kwa hatua za gramu 50 au 100, na gramu 40 za saa moja zitapotelea kati ya mistari. Hapo pima kabla ya kwenda kambini na baada ya kurudi. Gramu 800 zikigawanywa kwa saa 20 hutoa jibu safi kuliko saa moja ikipimwa kwa mizani ya kilo 50.

Ile sehemu moja ya tano niliyoiongeza ina sababu zake. Gesi ya kupikia tunayouziwa Kenya ni mchanganyiko wa propani na butani. Propani huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, butani nusu digrii tu chini ya sifuri. Ndani ya mtungi propani hutangulia kutoka kwa wingi, na kadiri mtungi unavyopungua ndivyo mabaki yanavyozidi kuwa butani, na presha nayo hushuka. Gesi inapogeuka kutoka majimaji kuwa hewa huupoza mtungi wenyewe, na usiku wa Julai kwenye tambarare za Athi na Kapiti baridi yaweza kukaribia nyuzi 10. Kwa hiyo gramu za mwisho za mtungi hutoa mwanga hafifu, na kikopo cha butani tupu huzidi kudhoofika alfajiri, saa ile ile wapishi wanapokihitaji. Upepo wa Lukenya nao hutikisa taa na kupasua utambi. Utambi uliotoboka huacha moto upenye hadi kwenye kioo, gesi ikiendelea kutoka kama kawaida huku mwanga ukipungua, na mtu hufungua vali zaidi kujaribu kufidia. Afadhali kubeba tambi mbili za akiba, ambazo hazizidi uzito wa bahasha, kuliko kilo ya ziada ya gesi.

Pingamizi la kwanza ninalolijua ni la watu wenye nia njema: gesi ikizidi haiozi, basi ubaya uko wapi kubeba ya kutosha mara mbili au tatu? Ninaliheshimu, kwa sababu linatoka kwa viongozi wanaowajibika kwa watoto wa wenyewe. Lakini usalama wanaoutafuta kwa kuzidisha gesi haupatikani kwa njia hiyo. Mitungi ya ziada husafiri kwenye basi lile lile wanalopanda watoto, na aghalabu hulazwa ubavu chini ya viti ilhali inapaswa kusimama wima, maana ukiulaza mtungi na vali ikavuja, kinachotoka ni gesi ya majimaji. Zaidi ya hapo, gesi ikiwa tele taa haizimwi. Inaachwa ikiwaka usiku kucha, na baridi ikizidi mtu anaiingiza hemani. Gramu 44 za propani zikiungua zinatumia gramu 160 za oksijeni na kutoa gramu 132 za kaboni dioksidi. Taa ya gramu 40 kwa saa kwa hiyo inavuta oksijeni kuliko watu watano waliolala. Katika hema lililofungwa zipu, oksijeni ikipungua, moto huanza kutoa kaboni monoksidi, ambayo haina harufu wala rangi, na aliyelala hapati onyo lolote. Kiangazi kikiwa kikali, Januari na Februari au Agosti na Septemba, nyasi za Lukenya hukauka, na taa iliyosahauliwa chini ni moto unaosubiri kusukumwa na upepo au na mguu wa mtu. Kiongozi aliyehesabu saa nane anajua saa ya kuzima taa. Aliyebeba mara kumi hana sababu ya kuizima.

Pingamizi la pili lina uzito kuliko la kwanza. Kwa nini tuhangaike na gramu za gesi wakati taa za LED na za sola zimejaa madukani? Hapa hesabu inazungumza kwa sauti kali kuliko mimi. Taa inayochoma gramu 40 kwa saa inatoa nishati ya takriban wati 500, na mwanga inaoutoa unaweza kupatikana kwa balbu ya LED ya wati kama 8. Kinachobaki ni joto linalopaa hewani. Gramu hizo 40, zikitumika vizuri kwenye jiko, zingechemsha karibu lita tatu za maji ya chai, na hapo nimeshahesabu kwamba nusu ya moto hupotea pembeni ya sufuria. Saa nane za taa moja kwenye njia ya choo ni zaidi ya lita 20 za chai. Anayeona namba hiyo atabadili mpango wake mwenyewe bila kuhubiriwa: njia ya choo itapata taa ndogo za sola, kila mtoto atapata tochi, na gesi itabaki jikoni. Wavuvi wa omena kule Ziwa Victoria walitangulia kuiona hoja hii. Wao wamefanya kazi usiku kwa karabai miaka mingi, na kwa kuwa mafuta ya taa ni sehemu kubwa ya gharama ya kila safari, huyapima kwa lita kabla ya boti kuondoka. Zilipokuja taa za LED za betri waliweza kulinganisha papo hapo, maana walikuwa na namba ya kulinganisha nayo. Mtu asiyejua taa yake inakula nini hana namna ya kujua kama ibadilishwe.

Hata hivyo siungi mkono wanaosema taa ya gesi imepitwa na wakati. Masika ya Machi hadi Mei huleta siku za mawingu mfululizo, na taa ya sola iliyoanikwa kwenye kivuli cha mawingu hurudi usiku ikiwa dhaifu. Betri ya LED ikiisha saa mbili usiku hakuna wa kuijaza porini. Taa ya gesi humulika duara pana kwa watu 40 waliokaa chini, na kundi lililokwisha kubeba gesi ya kupikia lina kuni zake tayari. Kwa hema la watu wawili sioni sababu ya kuibeba. Kwa jiko la watu wengi na uwanja wa mkutano bado naiona inafaa, mradi imehesabiwa.

Wapo pia watakaosema mizani ni ndoto, kwamba muuzaji wa gesi mtaani hakubali kupima. Hili ndilo pingamizi linaloniudhi, si kwa wanaolitoa bali kwa hali inayolifanya liaminike. Sheria ya Mizani na Vipimo, Sura ya 513 ya sheria za Kenya, inaharamisha kumuuzia mtu kitu pungufu ya uzani uliotajwa. Gesi haijaachwa nje. Kanuni za gesi ya kupikia za mwaka 2019 ziliondoa mfumo uliomruhusu kila muuzaji kubadilishana mitungi ya kampuni yoyote, ili mwenye mtungi abebe dhamana ya kilichomo, na Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, imeonya mara kadhaa dhidi ya vituo vya kujazia visivyo na kibali. Sababu ya onyo hilo iliandikwa kwa moto Embakasi, Nairobi, usiku wa Februari 1, 2024, gesi ilipolipuka katika kituo ambacho, kwa mujibu wa EPRA, maombi yake ya kibali yalikuwa yamekataliwa mwaka uliotangulia. Watu walikufa na zaidi ya 200 wakajeruhiwa. Mtungi unaojazwa vichochoroni haumwibii mnunuzi gramu tu. Anayedai kupimiwa mbele ya macho yake anamsaidia pia muuzaji mwaminifu, ambaye leo anashindana kwa bei na mtu anayeuza kilo 5 kwa jina la kilo 6.

Kuhesabu kwa shilingi, ambako wengi hukimbilia, nako hakusaidii. VAT ya asilimia 16 ilirejeshwa kwenye gesi ya kupikia Julai 2021, ikapunguzwa hadi asilimia 8 mwaka uliofuata, kisha ikaondolewa na Sheria ya Fedha ya 2023. Anayesema "gesi ya elfu moja ilitutosha mara ya mwisho" anapimia kwa kamba inayonyooka na kujikunja kila bajeti inaposomwa. Gramu 40 za mwaka 2021 ni gramu 40 hadi leo.

Nilisema Lukenya inafaa kwa mazoezi haya. Wapandaji milima wa Nairobi wameitumia hivyo kwa vizazi. Mountain Club of Kenya, iliyopata jina hilo mwaka 1949, imekuwa ikiwapeleka wanafunzi wake kwenye miamba ile kabla hawajaenda Mlima Kenya, kwa sababu mtu akikosea fundo pale msaada uko karibu. Kwa gesi ni hivyo hivyo. Ikikuishia Lukenya, kesho asubuhi Athi River iko umbali mfupi kwa gari, na Kyumvi kwenye makutano ya barabara ya Machakos haiko mbali pia. Ikikuishia karibu na Point Lenana ya Mlima Kenya, kwenye mita 4,985, ambako usiku hushuka chini ya sifuri na kikopo cha butani hudhoofika hata kikiwa kimejaa, hakuna duka. Kundi lililoweka daftari la gramu na saa kwa safari tatu za Lukenya litapanda mlima likijua taa yake, na litajua kuuliza swali la propani na butani kabla ya kununua.

Kwa sababu hiyo sitaki hesabu hii iachiwe wapiga kambi peke yao. Wanaoingiza taa za gesi nchini wanaweza kuandika kwenye boksi, kwa Kiswahili, maneno machache tu: inakula gramu kadhaa kwa saa. Shirika la Ukadiriaji wa Ubora wa Bidhaa, KEBS, ambalo tayari hukagua bidhaa hizo zikiingia, linaweza kulifanya hilo kuwa sharti. Walimu wa maskauti wanaweza kuliweka kwenye mazoezi ya hesabu ya wiki inayotangulia kambi, watoto wakapima mtungi wa shule wenyewe. Na wenye viwanja vya kupiga kambi Lukenya hawahitaji kumsubiri yeyote. Mizani ya kuning'iniza inayobeba kilo 25 inauzwa kwa bei ndogo kuliko kujaza mtungi wa kilo 6. Ikifungwa langoni karibu na kitabu cha wageni, kila kundi likapima mitungi yake likiingia na likitoka na kuandika taa ngapi ziliwaka saa ngapi, baada ya mwaka mmoja mwenye kiwanja atakuwa na namba zilizopimwa Lukenya kwenyewe, kwa taa zetu, usiku wetu na gesi yetu, za kumsomea kwenye simu mwalimu anayeuliza abebe nini.